Taa ya Jirani Haimo Kwenye Boksi

Mpendwa Bi Nikwambie, shikamoo, halafu nakusihi unisome mpaka mwisho ndipo ucheke, maana jambo hili nikilitoa kazini wenzangu watalinywea chai mwezi mzima, na nikimwambia dada yangu atasema ndiyo matokeo ya kuchezea midoli ukubwani, kwa hiyo nimebaki na wewe, usiyenijua sura wala jina, ninayekusoma tangu safu yako gazetini ilipokuwa kijisehemu tu chini ya matangazo ya viwanja.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Madaktari wananiletea chapa za vinywa vya watu, mimi namimina plasta, nachonga nta, napanga jino baada ya jino mpaka mtu aweze kutafuna nyama mbele ya wakwe bila kuona haya. Nakwambia hivyo ujue kwamba mikono yangu imezoea vitu vidogo, na jicho langu likiona kitu kimekaa upande haliwezi kulala. Nimeolewa, na mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, au niseme alikuwa, nitafika huko. Mtoto hatukujaliwa, tulilia tukanyamaza, si hilo ninaloandikia.

Ninaloandikia ni sanamu.

Nakusanya sanamu za katuni za Kijapani, zile zenye viungo, na hapa naomba tuelewane mapema, si midoli. Mdoli unavishwa nguo na kulazwa. Sanamu ya viungo unaikunja shingo, bega, kiwiko, kifundo, mpaka vidole vya miguu, na ukijua kuichukulia taratibu inasimama kama mtu aliyeitwa jina lake akageuka. Ya kwanza kabisa kuwa yangu ni ya mwasha taa, mhusika wa katuni tuliyokuwa tunaiangalia mimi na mume wangu siku za uchumba kwenye simu yake iliyopasuka kioo, kila mmoja na waya mmoja sikioni. Mwasha taa huyo ana nywele za fedha na koti refu, anazunguka kuta za mji usio na umeme akiwasha taa moja moja, na haongei, katuni nzima haongei! Mume wangu alipomwona rafuni siku ya kwanza akasema, "Huyu ndiye jirani ninayemtaka mimi, anaona kila kitu na hasemi kitu." Basi akawa Jirani mpaka leo.

Niache nimsifu kidogo. Urefu wake ni shubiri moja. Ana nyuso tatu za kubadilisha, mmoja umetulia, mmoja unacheka, mmoja mdomo wazi kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, na viganja vya kuchomeka, cha ngumi, cha kukunjua, cha kushikia taa. Kasoro anazo, simfichi: rangi ya fedha kwenye kola imemwagika kidogo upande wa kushoto, nywele ni nzito zinamvuta kisogoni, na lile koti la plastiki linamzuia kupiga magoti, ukimlazimisha unamsikia kabisa anavyokataa. Lakini uso, Bi Nikwambie! Macho yamechorwa yakitazama pembeni kidogo, si kwako, kama ya mtu aliyesikia mlango. Nimeshika sanamu nyingi, nzuri na za ovyo, sijaona nyingine inayosubiri vile.

Sasa sikia tulivyoanza. Mume wangu alikuwa anarudi kutoka safari mimi niko kazini, anaoga, anakula, analala, anaondoka sijarudi, tukawa tunapishana kama walinzi wa zamu. Kuna siku tukagombana kwenye simu, sikumbuki hata kwa nini, nikarudi nyumbani nikamkuta Jirani amegeuzwa uso ukutani, mkono mmoja unakuna kisogo. Nilicheka peke yangu nimesimama na mkoba begani, hasira zote kwisha. Nikamgeuza, nikamkunjulia viganja vyote viwili, nikamwacha hivyo, na mume wangu aliporudi akajua yamekwisha. Tangu hapo ikawa ndiyo lugha. Jirani akikaa ukingoni mwa rafu miguu ikining'inia, nimechoka lakini nakusubiri. Akishika tumbo, kuna chakula kwenye friji, usijifanye hujaona. Akivaa uso wa kuita, nimekukumbuka, njoo, na huo nilikuwa namvisha mimi zaidi, sioni aibu kusema. Sisi wawili si watu wa maneno matamu. Mume wangu neno "nakupenda" alilitamka siku ya harusi kwa sababu kipaza sauti kilikuwa mbele yake.

Halafu kuna taa. Taa ya Jirani haizidi ukucha wa kidole gumba, ni ya plastiki ya rangi ya asali inayopitisha mwanga. Mume wangu akienda safari alikuwa anaichomoa kiganjani mwa Jirani, anaitia mfukoni mwa shati, anakwenda nayo huko aendako, na akirudi anairudisha. Kwa hiyo mimi nikifungua mlango sikuangalia viatu wala kofia, niliangalia rafu. Jirani hana taa, mume wangu yuko njiani. Jirani ana taa, mume wangu amefika, hata kama amelala chumbani anakoroma. Wakusanyaji wenzangu kwenye kikundi chetu cha simu walinipigia kelele, oh taa itapotea, oh seti itakuwa pungufu, na mimi kwa mambo mengine ni mkali kuliko wao wote, lakini hilo niliwaambia waniache. Na haikupotea hata mara moja.

Basi mwaka jana mume wangu akifunga turubai akateleza kutoka juu ya mzigo, akaangukia goti. Alitibiwa, akatembea, lakini daktari akasema goti hilo haliwezi tena klachi ya lori. Kampuni haikumtupa, ilimpa kazi ya yadi, anakagua malori yanayotoka, anagonga matairi, anawafungulia wenzake geti waende. Jioni yuko nyumbani. Kila jioni! Mimi nilishukuru, Mungu anisamehe, nilishukuru kabisa, nikasema sasa nami nitakaa na mume wangu kama wanawake wengine.

Nimekaa na kochi. Anarudi, anavua viatu, anaweka mguu kwenye stuli, anawasha taarifa ya habari. "Umeshindaje?" "Salama." "Na goti?" "Liko." Basi. La goti nikaacha kuuliza, nilimwona halipendi. Hata mashati yake ya kazi siku hizi ananikataza kufua, anasema grisi ya yadi itaniharibia mikono ya meno, anafua mwenyewe. Nikasema isiwe taabu, nitumie lugha yetu. Nikamkalisha Jirani ukingoni, kesho yake bado amekaa. Nikamvisha uso wa kuita, akaita, akaita, mpaka nikamwonea huruma nikamfunga mdomo. Mume wangu anapita pale, anatazama, hajibu. Namkumbuka mume wangu, Bi Nikwambie, na yuko sebuleni. Alipokuwa mbali nilikuwa naye, sasa tunagusana viwiko kwenye kochi moja na namkumbuka mpaka kifua kinauma, na mtu anamwambia nani kitu kama hicho?

Likaja hili la rangi ya kucha. Nilikuwa nafuta rafu, nikamwinua Jirani, nikaona goti lake la kulia linang'aa. Goti hilo lilikuwa limeanza kulegea kwa sababu ya kusimama muda mrefu, ndivyo sanamu zinavyozeeka, alikuwa anaegemea upande na mara kadhaa nilimkuta amelala kifudifudi. Nikaangalia kwa lenzi yangu ya kazini. Mtu amepaka ndani ya kiungo rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, ya kung'arisha tu. Sasa uelewe, hiyo ni dawa inayojulikana, inakaza kiungo kweli, lakini kwa mkusanyaji anayejiheshimu sanamu iliyotiwa dawa si ile iliyotoka kiwandani tena, ukiwaonyesha wenzako goti kama lile watakuzungumza mpaka ujitoe kwenye kikundi. Nikatoka naye mkononi mpaka sebuleni.

"Nani kamtia Jirani rangi ya kucha?"

"Alikuwa anaanguka."

"Sasa ndiyo umemharibu kabisa! Goti likishalegea limelegea, halirudi tena kama zamani. Unapakapaka unamdanganya nani?"

Akasema, "Sawa." Akaongeza sauti ya televisheni.

Bahati nzuri, au niliona bahati wakati ule, toleo jipya la Jirani lilikuwa limetoka na mimi nilishaweka oda. Likafika. Nikalifungua mezani mume wangu akiwepo, chumba kizima kikanuka plastiki mpya, harufu ninayoipenda kuliko manukato. Ni kazi safi, siwezi kusema uongo. Mabega yanakunjika mpaka mikono inapishana kifuani. Koti limepasuliwa nyuma, kwa hiyo sasa anapiga magoti! Kila kiungo ukikikunja kinatoa mlio mdogo, kinashika pale pale unapokiacha. Walipokosea ni uso tu, macho wameyanyoosha yanakutazama wewe moja kwa moja, kama mtu wa dukani anayetaka kujua utanunua au unapita, lakini magoti, magoti! Nikamwambia mume wangu, "Shika uone, huyu hata umsahau mwaka mzima haanguki." Akashika. Akamkunja goti, akamkunjua. Akasema, "Mazuri." Yule wa zamani nikamfunga kwenye karatasi laini pamoja na vifaa vyake vyote, nikamrudisha kwenye boksi lake, nikaliweka juu ya kabati la nguo. Kwetu wakusanyaji hiyo ni heshima, sanamu iliyochoka inapumzishwa, haitupwi.

Tangu siku ile mume wangu amekuwa mtu wa ndiyo na hapana. Na juzi tukiwa tunakula akaniambia ameomba uhamisho. Kampuni ina yadi nyingine, mji mwingine, mbali, wanataka mkaguzi na kuna chumba cha kulala hapo hapo, ataondoka mwisho wa mwezi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Hapa nimekuwa kama kabati, mnanizunguka tu." Nikamwambia mnanizunguka na nani, mbona tuko wawili? Akacheka kidogo puani, akaendelea kula.

Sikumwambia usiende. Kuna upande wa moyo wangu uliosema mwache aende, akiwa mbali tutaongea tena, atachukua taa, nitafungua mlango niangalie rafu kama zamani. Nikaanza na maandalizi kabisa, ndivyo nilivyo. Taa ya toleo jipya ni kubwa, haikai mfukoni, nikasema nichukue ile ya zamani nimpe huyu mpya. Nikapanda kiti, nikashusha boksi, nikafungua. Jirani yumo. Nyuso zimo, viganja vimo, kila kitu kwenye nafasi yake. Taa haimo.

Nilifunua karatasi yote, nikaikung'uta, nikakaa kitandani. Mume wangu alikuwa sebuleni, nilimsikia akikohoa, nilimsikia akivuta stuli. Lakini kwa lugha yetu sisi wawili Jirani akiwa hana taa mume wangu ameondoka, na mimi hata sijui aliondoka lini. Nifanye nini, Bi Nikwambie? Nimwache aende nimpate tena kwa mbali nilivyomzoea, au nimzuie, na nikimzuia nimzuie kwa maneno gani wakati sina?

Ni mimi msomaji wako,
Fundi Meno

*

Fundi Meno, marahaba. Sijacheka. Nilikusudia, tena pale uliponifundisha tofauti ya mdoli na sanamu nilishaanza kujiandaa, lakini nilipofika kwenye rangi ya kucha nikaweka kikombe chini.

Kwanza pole. Mwanamke akimkumbuka mume aliye mbali, majirani watamwonea huruma na watamtembelea. Akimkumbuka anayekohoa chumba cha pili, nani atampa pole? Hakuna, watamwambia ana kichaa. Mimi nakupa, kwa mikono miwili. Ukishaipokea kaa vizuri, maana nakuja.

Wewe si ndiye mwenye jicho lisilolala kikikaa kitu upande? Mbona lililala fofofo? Umeniletea barua imejaa magoti, goti la Jirani, goti la mumeo, magoti ya huyo mpya unayoyaimbia, na hujayaweka meza moja hata mara moja. Ngoja nikuwekee. Mumeo alianguka akaumia goti. Goti likaondoka na kazi yake. Sasa kutwa anasimama getini anawafungulia wenzake waende alikokuwa akienda yeye. Anarudi nyumbani, anamkuta Jirani naye goti limelegea, kalala kifudifudi. Hakukwambia kitu, si umesema si mtu wa maneno? Akaenda akaulizia dawa huko alikoulizia, dereva wa malori mwenye mikono ya usukani, akaingia dukani kununua rangi ya kucha. Akampaka ndani ya kiungo kidogo kile, akasubiri ikauke, akamsimamisha. Unalalamika hajibu? Hilo ndilo lilikuwa jibu, mama! Tena refu kuliko yote aliyowahi kukuandikia kwenye rafu hiyo.

Nawe ukamtokea na sanamu mkononi: "Goti likishalegea limelegea, halirudi tena kama zamani." Isome tena, polepole, ukiwa umekaa pale anapokaa yeye, mguu juu ya stuli. Umeisikia? Haya, haikutosha. Ukamleta mwenye magoti mazima ukampa ashike asifu, na yule mwenye goti bovu ukamfunga karatasi ukampandisha juu ya kabati. Heshima ya wakusanyaji, sawa, nimekuelewa. Lakini mumeo si mwanachama wa kikundi chenu cha simu. Yeye alichokiona ni namna nyumba hii inavyowafanyia wenye magoti mabovu. Alikwambia waziwazi kwamba amekuwa kabati, ukamjibu hesabu ya watu. Mimi ningeomba uhamisho siku ile ile.

Najua hukukusudia. Ungekuwa umekusudia ningekujibu kwa mistari miwili nikapisha mwingine. Wala naye simpaki mafuta: mwanamume mzima kujificha nyuma ya msoma habari akisubiri mkewe afumbue fumbo la rangi ya kucha, huko ni kujitakia. Angesema "mke wangu, naumia", angekufa? Mmeoana mabubu wawili, kila mmoja anamlaumu mwenzake kwa kutosikia.

Sasa swali lako. Umwache aende mpate kuongea? Hapana. Tena hapana kubwa. Lugha ya rafu ilikuwa nzuri, nakiri imenigusa, lakini ilikuwa lugha ya watu wanaopishana. Nyinyi hampishani tena. Mtu mnayegusana naye viwiko haandikiwi kwa sanamu, anaambiwa. Umbali haukuwa mapenzi yenu, dada yangu, ulikuwa unawasaidia tu msiseme. Kutwa unawatengenezea watu meno ya kusemea, ya kwako umeyaweka ya maonyesho?

Unasema maneno huna. Unayo, umeyatumia kwangu bure. "Namkumbuka mume wangu na yuko sebuleni." Mimi nisiyekujua nimeyasoma mara tatu nikafuta macho. Mwenyewe hajayasikia.

Na taa. Hapo umekosea kuliko kwenye goti. Umelia kwamba Jirani hana taa, basi mume wangu ameondoka. Hebu kumbuka vizuri lugha yenu wenyewe. Aliyekuwa anachukua taa ni nani? Ni mtu anayerudi. Anayeondoka moja kwa moja taa ya plastiki ya nini? Angeiacha humo boksini ipumzike na heshima zake. Mume wako alipanda kiti na goti lile, akashusha boksi kutoka juu ya kabati, akafunua karatasi yako laini, akaacha nyuso, akaacha viganja, akachukua taa peke yake, akafunga vizuri, akapandisha tena. Unajua goti lilimuuma kiasi gani kupanda kiti? Usiitafute chini ya kitanda. Iko mfukoni mwa shati la kazi, ndiyo maana hataki ulifue, grisi ni hadithi ya kukulaza. Anakwenda nayo yadini asubuhi, anarudi nayo jioni, na hana pa kuirudisha kwa sababu mkono wenyewe umeufungia juu ya kabati. Kama nimekosea niandikie, nitaomba radhi kwenye ukurasa huu huu.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo, usisubiri mwisho wa mwezi. Huyo mpya mwenye macho ya muuza duka mpeleke kazini kwako, akawatazame wenye mapengo. Jirani mshushe. Rangi ya kucha usiifute, wala usimwonyeshe mtu wa kikundi, wala usiniletee habari za kiwandani. Hiyo ni kazi ya mkono wa mumeo na sasa ndiyo inayomsimamisha. Mweke pale pake pa zamani, kwa uso wake uliotulia, ule unaosikia mlango. Mchomeke kiganja cha kushikia taa, kiwe kitupu. Usimkunje kitu kingine chochote. Mengine yote utayasema wewe, kwa mdomo.

Usiku huo huo muulize habari za goti, na akikujibu "Liko", usinyamaze, uliza mara ya pili, uliza linauma wapi, weka mkono hapo. Mwambie ulikosea. Mwambie unamkumbuka. Akitaka kwenda baada ya hapo, mtaliongea kama watu. Lakini yote hayo ni ya baadaye. La kwanza ni mlangoni. Zima televisheni mapema, msubiri, na akiingia, kabla hajavua viatu, mwonyeshe rafu umwambie:

"Rudisha taa, baba. Umeshafika."

Bi Nikwambie